Kiti cha Mtoto na Pigo la Ubavuni

Msikilizaji, gari likigongwa mbele, boneti hukunjamana na kupunguza kishindo kabla hakijamfikia aliye ndani. Likigongwa ubavuni, kinachomtenga mtoto na gari linalokuja ni mlango tu. Mlango huo hubonyea ndani kufumba na kufumbua, na kichwa cha mtoto, kizito kwa shingo yake changa, hurushwa kuuelekea. Kwa hiyo nasema, kiti cha mtoto kilichojaribiwa kwa pigo la mbele peke yake hakijathibitishwa kikamilifu.

Kwa miongo kadhaa, viti vilijaribiwa bila pigo la ubavuni. Kanuni ya Umoja wa Mataifa namba 44, iliyotumika Ulaya, haikudai jaribio la ubavuni. Jaribio hilo lililetwa na kanuni namba 129, iliyoanza mwaka 2013, ambayo pia inataka mtoto aketi akitazama nyuma mpaka apite miezi 15. Nchini Marekani, Bunge liliagiza kanuni ya ubavuni mwaka 2012, lakini ilikamilishwa mwaka 2022. Miaka kumi ilipita kwa jambo ambalo hatari yake ilikwisha kujulikana.

Wako wanaosema faida ni ndogo, kwani serikali ya Marekani yenyewe ilikadiria kuwa kanuni hiyo ingezuia vifo visivyofika vinne kwa mwaka. Makadirio hayo ni ya nchi ambako watoto wengi tayari huketishwa kwenye viti vyao. Yanapima nyongeza tu juu ya kinga iliyopo. Tena yanahesabu makumi ya majeraha, na jeraha la ubongo humwandama mtoto maisha yake yote.

Wengine watasema kiti kipya ni ghali. Ni kweli, na kiti cha kanuni ya zamani bado ni bora mno kuliko mapaja ya mama. Lakini ipo kinga isiyogharimu kitu: utafiti wa Marekani wa mwaka 2008 ulionyesha kuwa watoto wa chini ya miaka minne walioketi katikati ya siti ya nyuma walikuwa na hatari ya kuumia pungufu kwa asilimia 43 kuliko walioketi kando ya mlango.

Mzazi, unaponunua kiti, tafuta namba 129 kwenye lebo. Kifunge katikati kama kinakaza vizuri hapo, na mikanda imshike mtoto barabara katika kila safari, hata ya dukani.