Kitabu Mkononi mwa Mtoto



Wahenga wamesema, samaki mkunje angali mbichi. Lakini wengi wetu humngoja mtoto afikie umri wa kupelekwa chuoni ndipo akione kitabu.

Sisi walimu hatuna budi kukiri kosa letu. Tulirejea kutoka masomoni na masanduku ya vitabu, tukavipanga kabatini, tukatia kufuli. Mtoto wa miaka miwili akinyoosha mkono, twamkemea: "Usiguse, utachana!" Akafahamu kuwa kitabu si chake. Baadaye twamlaumu kwa kuchukia kusoma.

Msahafu uhifadhiwe kwa heshima yake. Hata hivyo, mtoto naye apewe kitabu chake cha picha, akishike na kukifunua. Ukurasa uliochanika hugundishwa. Hamu iliyokatwa mapema ni taabu kuiunga.

Mwaka 2014 jumuiya ya madaktari wa watoto nchini Marekani iliwahimiza wazazi wawasomee watoto kwa sauti tangu uchanga, ili kukuza lugha na mapenzi baina yao. Bibi zetu walianza kwa mdomo: wao "Paukwa!", mtoto "Pakawa!"

Basi kila baada ya Magharibi tumpakate mtoto dakika kumi. Tumwoneshe picha, tumuulize ni kitu gani, tungoje jibu. Mzazi asiyejua kusoma naye aweza kuzisimulia picha. Mtoto akitaka kitabu kile kile mara ya tano, tusichoke, ndivyo ajifunzavyo.

Ndugu zetu, tuyafungue makabati.

Wabillahi tawfiq.