Kuongeza Chaji ya Betri kwenye Ubao Mdogo wa Elektroniki



Tumekuja kuzungumza nanyi kuhusu jambo dogo kwa umbo, zito kwa madhara. Vijana wetu hununua Kariakoo mbao za saketi kama Arduino, wakaunda kipimajoto cha banda la kuku au taa ya usiku. Kazi hiyo tunaipongeza. Shaka yetu huanza pale betri ya lithiamu inapounganishwa moja kwa moja na chaja ya simu.

Chaja hiyo hutoa volti 5, ilhali seli moja ya lithiamu ya kawaida hujaa ifikapo volti 4.2. Wapo wanaopachika dayodi moja katikati wakidhani wamemaliza kazi. Dayodi hupunguza takribani volti 0.7 tu, hubaki 4.3, nazo bado zimezidi. Tena dayodi haijui kukata umeme betri inapojaa. Seli iliyojazwa kupita kiasi huvimba, hupata joto kali, na yaweza kulipuka moto.

Kinachofaa ni kibao maalumu cha kuchajia, kwa mfano chenye chipu ya TP4056 pamoja na saketi ya ulinzi. Mtakitambua kwa kuwa sehemu za kuunganishia betri, B+ na B-, zimetengwa na zile za kutolea umeme, OUT+ na OUT-. Hapa ndipo wengi hukosea: kibao hicho kwa kawaida huuzwa kikiwa kimepangwa kutoa miliampea 1,000. Betri ya miliampea-saa 500 haistahili kulishwa kwa kasi hiyo. Ondoeni rezista ya kilo-omu 1.2, wekeni ya 5, na mkondo utashuka hadi takribani miliampea 250. Zimeni pia ubao wakati wa kuchaji, kwani ukiendelea kunyonya umeme, chipu yaweza kushindwa kutambua kuwa betri imejaa.

Seli ya 18650 iliyoandikwa miliampea-saa 9,900 ni udanganyifu mtupu. Hakuna ya umbo hilo inayofikia hata nusu yake. Iacheni dukani. Aliyekwisha kuinunua airudishe pamoja na risiti.

Msichaji juu ya godoro, wala karibu na bati lililopigwa jua. Nyuzi joto 45 ndiyo ukomo wa kuchaji seli nyingi. Betri iliyovimba msiitoboe. Moto ukiwaka, watoeni watu nje kwanza, kisha pigeni 114, Jeshi la Zimamoto na Uokoaji.