Bastola Inayotazama: Mkono na Skrini katika Michezo ya Vidio



Kuzungumzia bunduki ya plastiki hapa Salamabila, Maniema, kunataka staha. Mgodi wetu wa Namoya ulianza kuzalisha dhahabu kibiashara mwaka 2016. Mwaka 2019 kazi ikasimama kwa ajili ya mashambulizi ya wenye silaha. Mzazi wa hapa akiniuliza kama maneti, yaani kishikio cha kuchezea, yenye umbo la bunduki inamfundisha mwanawe kuua, simcheki. Ila kwanza tuifungue, tuone ndani mna nini.

Tuanze na Zapper, bastola ya plastiki ya kampuni ya Nintendo, iliyoingia Marekani mwaka 1985 pamoja na Duck Hunt, mchezo wa kuwinda bata. Ndiyo mama wa bastola zilizouzwa pamoja na zile mashine za Kichina zilizoiga ya Nintendo. Wengi hudhani bastola hiyo hutuma kitu kwenye skrini. Haitumi chochote. Mdomoni mwake mna kijicho kinachohisi mwanga. Ukivuta kifyatulio, skrini nzima huwa nyeusi, kisha pale alipo bata hutokea kiraka cheupe, yote kufumba na kufumbua. Kijicho kikiona giza halafu nuru, umempata. Bata wakiwa wawili, kila mmoja huwashiwa kiraka chake kwa zamu, mashine ijue yupi kapigwa. Na lile giza la mwanzo limewekwa kuwakomesha wajanja wa kulenga taa ya chumbani. Kwa hiyo inayorusha ni televisheni. Bastola inapokea tu.

Mchezaji hana habari na hayo. Kanyoosha mkono, kafumba jicho moja, kabana pumzi. Mkono umeshika umbo la bastola, na mwili wote unafuata mkono. Mwaka 1995 kampuni ya Namco ilizidi kuuingiza mwili mchezoni: katika mchezo wa Time Crisis iliweka pedali, ukiikanyaga unajitokeza kupiga, ukiiachia unajificha. Hata woga ukapata pa kukaa, mguuni.

Televisheni bapa ndizo zilizoiua Zapper. Picha ya televisheni hizo huchelewa kidogo sana, lakini kidogo hicho kinatosha: kijicho kinatazama kabla nuru haijafika. Mwenye televisheni ya kichogo asiitupe.

Wii, mashine ya Nintendo ya mwaka 2006, iligeuza mambo. Fimbo yake ina kipimo cha mwendo, na kwa mbele ina kamera inayoona mafungu mawili ya taa za mwanga usioonekana kwa macho, zilizo kwenye kile kijiti cha kuweka karibu na televisheni. Kijiti hakihisi kitu. Ukiwasha mishumaa miwili mahali pake, fimbo inaridhika. Watu waliurusha mkono kwa tenisi ya kwenye skrini mpaka fimbo zikawaponyoka, na mwaka huohuo Nintendo ikajitolea kubadilisha kamba za mkononi zipatazo milioni 3.2. Sijui ushahidi bora kuliko huo kwamba mkono uliamini.

Tena vyombo hivi ni ndugu zetu kwa damu. Mwaka 2000, mashine ya michezo ya PlayStation 2 ilipotoka, bei ya tantali, inayopatikana kwenye koltani, ilipanda vibaya, na watu wakamiminika mashimoni Kivu na huku Maniema. Wapo walioubebesha mchezo mzigo wote wa vita. Naona wamezidisha: simu na kompyuta zilikuwa na njaa ileile.

Nirudi kwa mzazi. Vijana waliobeba silaha huku hawakutumwa na televisheni; waulizeni habari za ardhi, ajira na dhahabu. Hata hivyo, ningempa mtoto wa hapa fimbo ya tenisi kwanza, bastola baadaye, tena akiiomba mwenyewe. Sihofii kwamba itamfanya mpiganaji. Raha ya Duck Hunt inahitaji mkono usiojua uzito wa bunduki yenyewe, na wapo watoto wetu ambao mikono yao imekwisha kuujua.