Dawa ya Magoti na Presha Isiyoshuka

Hoja inayopingwa katika mhadhara huu ina watetezi wasomi, na ndiyo maana haifai kuachwa ipite. Wanasema kumwonya mgonjwa wa presha kuhusu dawa za maumivu kama diklofenaki au ibuprofeni ni kumtisha bure: presha hupanda milimita chache tu, na utafiti mkubwa umeshaonyesha kwamba figo hazidhuriki.

Tuanze na hizo milimita. Jaribio lililochapishwa mwaka 2017 liliwapima presha kwa saa 24 mfululizo watu 444 wenye ugonjwa wa viungo na walio katika hatari ya maradhi ya moyo. Baada ya miezi 4, namba ya juu ya waliomeza ibuprofeni ilikuwa imepanda kwa wastani wa 3.7, ya waliomeza selekoksibu, dawa nyingine ya maumivu, haikupanda. Ni chache? Law na wenzake, waliochambua majaribio 354 mwaka 2003, waligundua kwamba kidonge kimoja cha presha kwa dozi ya kawaida hushusha namba hiyo kwa 9.1. Anayelipia kidonge kizima huku akimeza ibuprofeni, basi, anaondoka na zaidi kidogo ya nusu.

Utafiti ambao watetezi hao wanautegemea kuhusu figo ni wa Lapi na wenzake, wa mwaka 2013, uliofuatilia watumiaji 487,372 wa dawa za presha nchini Uingereza. Kweli, waliochanganya dawa ya maumivu na dawa moja tu ya presha hawakuonekana kuumia figo zaidi. Watetezi hufunga jarida hapo. Wangeendelea, wangekuta kwamba waliomeza tatu kwa pamoja, yaani ya maumivu, ya kukojoza na ya kundi la enalaprili au losatani, walipata madhara ya ghafla ya figo kwa asilimia 31 zaidi, na katika siku 30 za mwanzo asilimia 82. Tena utafiti ule ulihesabu figo, haukuhesabu presha. Na ulisoma dawa zilizoandikwa na madaktari. Aliyejinunulia dukani bila cheti alihesabiwa kama hakumeza kitu. Kwa Dar es Salaam au Kisumu, huyo ndiye mgonjwa mwenyewe!

Namna figo inavyoumia wafamasia waliomo ukumbini wanaijua, na ipitiwe haraka. Dawa ya maumivu hubana mshipa unaoingiza damu kwenye chujio la figo, enalaprili hulegeza unaoitoa, dawa ya kukojoza hupunguza maji. Chujio hukosa msukumo.

Kinachostahili muda zaidi ni mahali ambapo historia za dawa hizi zilikutana: maabara ya mtafiti wa dawa John Vane, London. Katika miaka ya 1960 Mbrazili Sérgio Ferreira alifika hapo na dondoo la sumu ya nyoka aitwaye jararaca. Sumu hiyo ilionekana kuzuia kimeng'enya kinachopandisha presha, na njia iliyofunguka hapo ikafika kwenye kaptoprili, dawa ya kundi la enalaprili, iliyoruhusiwa Marekani mwaka 1981. Maabara hiyohiyo, mwaka 1971, ilieleza kwamba aspirini, ndugu wa ibuprofeni, hufanya kazi kwa kuzuia prostaglandini, kemikali za mwili zinazochochea maumivu, na Vane akashiriki Tuzo ya Nobel ya mwaka 1982. Dawa hizi mbili zinazogombana tumboni mwa wazee wetu zina baba mmoja wa kisayansi, na ajabu ni kwamba wanafunzi hufundishwa kila moja katika sura yake.

Mhadhiri ana mjomba, seremala, ambaye presha yake ilikataa kushuka hadi akaongezewa dawa ya pili, kisha ya tatu. Alipoulizwa anameza nini kingine alijibu: "Hakuna, mjomba. Labda hivi vya magoti, lakini hivyo si dawa, ni vya kunipandisha darini tu." Vilipoondolewa, daktari aliweza kumpunguzia dawa moja.

Haki itendeke kwa upande wa pili. Amlodipini, dawa nyingine ya presha, haiyumbishwi sana na dawa hizi za maumivu. Parasetamoli kama mbadala nayo si malaika: katika jaribio la Edinburgh la mwaka 2022, gramu 4 kwa siku zilipandisha namba ya juu kwa takriban 5. Na maumivu ya magoti hayangoji wataalamu wakubaliane.

Hata hivyo, mhadhiri habanduki hapa: dawa ya pili ya presha isiandikwe kabla mgonjwa hajaulizwa ameumwa wapi mwezi huu na amenunua nini. Kadi ya kliniki iwe na mstari wa dawa za maumivu, na muuzaji wa duka la dawa aujaze kabla ya kurudisha chenji.