Australia Kusini: Moshi Umepungua, Nani Aliuzima Moto?



Serikali nyingi duniani zimetangaza malengo ya kupunguza gesi zinazoongeza joto la dunia. Zilizopiga hatua ya kuonekana ni chache, na Jimbo la Australia Kusini, lenye watu wasiotimia milioni mbili, ni mojawapo. Habari zake zafaa kuchunguzwa na kila mtumishi wa serikali. Si kwamba jimbo hilo ni pepo, la hasha. Ila linaonyesha waziwazi umbali uliopo kati ya kuandika lengo na kulitekeleza.

Mwaka 2007, wakati wa serikali ya Mike Rann, Bunge la jimbo lilipitisha sheria iliyotaka gesi hizo zipungue kwa asilimia 60 ifikapo 2050, zikilinganishwa na kiwango cha 1990, na asilimia 20 ya umeme itokane na upepo, jua na nguvu nyingine zisizokwisha ifikapo mwisho wa 2014. Mwaka uliofuata, sheria nyingine ikawapa wenye nyumba malipo kwa umeme wa jua wanaouingiza katika mtandao. Lengo la 2014 lilifikiwa kabla ya siku yake. Sasa upepo na jua hutoa kama asilimia 70 ya umeme wa jimbo, na jumla ya gesi zake imeshuka kwa zaidi ya nusu tangu 2005; ingawa sehemu ya punguzo hilo imetokana na hesabu za ardhi na misitu, jambo ambalo msomaji wa takwimu hizo hana budi kulikumbuka.

Lakini takwimu hazisemi nani aliuzima moto wa makaa ya mawe.

Mwaka 1946 Waziri Mkuu wa jimbo, Thomas Playford, ambaye hakuwa mjamaa hata kidogo, alilitaifisha shirika la umeme la Adelaide kwa sababu mabepari wenye shirika hilo hawakutaka kutegemea makaa hafifu ya Leigh Creek. Serikali ikachimba makaa hayo, ikayasafirisha kwa reli kiasi cha kilomita 250, ikajenga vituo vya umeme Port Augusta. Zaidi ya miaka hamsini baadaye, kuanzia 1999, serikali nyingine ikavitoa vyote mikononi mwa umma. Hivyo, sheria ya 2007 ilipoweka lengo, mkono wa kulitekeleza katika vituo hivyo haukuwa tena wa serikali.

Mwezi Juni 2015 kampuni yenye kituo cha Port Augusta ilitangaza kwamba inapata hasara na itakifunga. Muda uliotajwa mwanzoni ulifupishwa baadaye. Mgodi ulifungwa mwezi Novemba mwaka huo, na tarehe 9 Mei 2016 kituo kikazimwa. Hatua kubwa kuliko zote katika kupunguza gesi za jimbo ilichukuliwa, basi, na mfanyabiashara aliyekuwa akitazama daftari lake la hasara. Wafanyakazi wapatao mia nne wa kituo na mgodi wakabaki bila kazi. Mwezi Januari 2017 majivu ya kituo kile yakapeperuka juu ya nyumba za mji. Wananchi walikuwa wakidai kwa miaka kadhaa kijengwe kituo cha umeme wa joto la jua mahali pa kile cha makaa. Serikali ikatangaza mkataba wake mwaka 2017, na mwaka 2019 mradi ukafa kwa kukosa fedha.

Tarehe 28 Septemba 2016 dhoruba iliangusha minara zaidi ya 20 ya njia kuu za umeme. Baadhi ya mitambo ya upepo ilikuwa na kinga ambazo mwendeshaji wa mtandao hakuwa na habari nazo. Ikapunguza umeme ghafla, njia ya kutoka Victoria ikaelemewa, na jimbo zima likaingia gizani. Wanasiasa huko Canberra wakaurukia upepo kwa lawama kabla matope hayajakauka.

Hapo ndipo serikali ya Jay Weatherill ilipofanya kazi ya serikali. Mwezi Machi 2017 ilitoa mpango wa dola milioni 550 za Australia. Ilinunua mitambo yake yenyewe ya akiba, na ikaingia mkataba wa betri ya megawati 100 huko Hornsdale, ambayo wakati huo ilikuwa kubwa kuliko zote za aina yake duniani. Ikaanza kazi tarehe 1 Desemba mwaka huo. Kinga za mitambo ya upepo zikarekebishwa. Mwaka 2021 zikakamilika mashine nne nzito zinazozunguka bila kuchoma chochote, kazi yake ikiwa kuutuliza mtandao. Mbili kati yake ziko Davenport, jirani na Port Augusta, pale pale palipozimwa makaa.

Weatherill alishindwa uchaguzi wa 2018. Waliomshinda hawakuubomoa mpango huo, ingawa waliikodisha mitambo ya akiba kwa makampuni. Serikali iliyofuata, ya Peter Malinauskas, iliahidi kwamba ifikapo 2027 umeme wa upepo na jua utalingana, kwa hesabu ya mwaka mzima, na umeme wote unaotumika.

Yaliyosalia ni magumu zaidi: magari, mifugo, na viwanda. Huko Whyalla, si mbali na Port Augusta, serikali ilikusudia kujenga kiwanda cha haidrojeni ambayo ingesaidia kufua chuma bila makaa. Mwezi Februari 2025 kiwanda cha chuma chenyewe kilielemewa na madeni. Serikali ikakiweka chini ya msimamizi, na fedha za haidrojeni zikaelekezwa kuokoa ajira. Mwaka huo tanuru la Whyalla lilikuwa bado linakula makaa, na safari hii wafanyakazi wake walikuwa bado kazini.