Hotuba juu ya Kuosha Pua kwa Maji ya Chumvi

Habari yetu ya leo ni pua. Vijana wanacheka; lakini mtu aliyepatwa na mafua yasiyokoma, asiyeweza kuinama shambani kwa maumivu ya kipaji, hatacheka.

Ndani ya mifupa ya uso mna vyumba vyenye hewa tupu: juu ya nyusi, nyuma ya mashavu, na katikati ya macho. Kila chumba kina kilango chembamba cha kuingilia puani. Mtu akishikwa na mafua, au akikaa sana katika vumbi na moshi, ngozi laini ya ndani huvimba, kilango huzibika, na makamasi yasiyo na njia hukaa humo. Ndipo uso huwa mzito na kuuma. Mara nyingi ugonjwa huu huletwa na virusi, navyo haviuawi na vidonge vya kuua bakteria, hata mtu akivinunua dukani kila juma.

Kuosha pua hakuondoi ugonjwa wenyewe, ila huondoa makamasi mazito na vumbi, na wengi hupata nafuu. Wala si jambo geni. Bara Hindi watu wa yoga wametumia tangu zamani chombo mfano wa buli dogo, na kwetu kila atawadhaye hupandisha maji puani.

Hapa twaomba mtusikilize sana. Maji ya kunywa na maji ya kuoshea pua si mamoja. Katika maji matamu yenye joto, ya madimbwi, ya mito, na pengine hata ya bomba, huweza kuwamo amiba, kidudu kisichoonekana kwa macho. Si yule aletaye kuhara damu. Huyu akimezwa hadhuru. Akipandishwa puani hufuata mshipa wa kunusia mpaka ubongoni, na karibu kila ampataye hufa. Ni ugonjwa wa nadra mno. Hata hivyo, mwaka 2011 watu wawili wa Louisiana, Marekani, walikufa baada ya kuosha pua kwa maji ya bomba ya nyumbani kwao.

Basi maji yachemshwe. Yakitokota kwa nguvu, yaachwe dakika 1 nzima. Na ninyi mkaao milimani, kupita futi 6,500 juu ya usawa wa bahari, dakika 3. Kisha yafunikwe mpaka yawe vuguvugu. Kuyachuja kwa kitambaa hakutoshi, hata yakiwa meupe kama kioo. Katika nusu lita tieni chumvi safi kijiko 1 cha chai, kilichosawazishwa. Maji yasiyo na chumvi huwasha pua, na chumvi ikizidi huwasha vilevile. Magadi msitie, wala ndimu, wala msichote maji ya bahari.

Mtu na ainame juu ya karai, ageuze kichwa upande, afumbue kinywa apumue kwa kinywa, kisha amimine polepole katika tundu la juu. Maji yatatokea tundu la chini. Asiseme wala asimeze wakati huo. Halafu apenge taratibu, kwani akipenga kwa nguvu maji huweza kuingia masikioni. Chombo kioshwe kwa maji yaliyochemshwa, kianikwe kikauke, wala wawili wasishirikiane kimoja.

Mwenye maumivu ya sikio, au aliyepasuliwa pua karibuni, asijioshe kabla ya kumwuliza mganga wa hospitali. Na mtoto atokwaye na usaha wenye kunuka katika tundu moja tu, msimmiminie maji: huenda amejitia haragwe au punje ya hindi, nalo haragwe huvimba likipata maji. Mpelekeni hospitali. Vivyo hivyo mtu ambaye jicho limevimba, au shingo imekakamaa pamoja na homa kali, asingoje hata kesho.

Birika hili tulilichemsha alfajiri mbele ya mwenye nyumba, na maji yamekwisha poa. Karai ndilo hili. Nani atakuwa wa kwanza?