Nzi Weupe Wakikataa Muhogo Wako

Leo tuko kwenye kile kipande cha muhogo nyuma ya nyumba yako.

Tikisa majani ya juu asubuhi. Vidudu vinavyoruka kama unga ni nzi weupe. Wao hubeba virusi vya batobato, inayokunja majani na kuyatia manjano, na vya michirizi ya kahawia, inayoozesha mihogo ardhini.

Sasa mtu anakuletea pingili na kukwambia, "Panda hii, nzi weupe hawaipendi." Pokea, lakini muulize: je, na ugonjwa hauipati? Hayo ni mambo mawili. Mara nyingi nzi hajui kwamba jani halimfai mpaka atue na kulionja. Asipolipenda anahamia mmea wa jirani, kisha mwingine. Batobato humtaka anyonye kwa saa kadhaa ndipo aibebe, kwa hiyo mmea unaomfukuza unasaidia. Michirizi haimtaki akae hivyo; muda mfupi unatosha. Nzi asiyetulia anaweza kuitembeza shamba zima.

Uganda iliona upande wa pili. Batobato kali ilipomaliza mihogo miaka ya 1990, wakulima walipewa mbegu zinazoistahimili. Watu wakala tena, na hilo si jambo dogo. Lakini nzi weupe walizaana sana juu ya mbegu hizo, na kuanzia mwaka 2004 michirizi ikaanza kusambaa. Nyingi kati ya mbegu zile hazikuwa na kinga nayo.

Nzi hafiki mbali na michirizi, maana virusi humtoka baada ya siku moja au mbili. Wanaoipeleka mbali ni sisi, kwa pingili. Najua kuna waliovuka mpaka wakiwa na pingili za nyumbani kwenye mzigo. Nani angeacha muhogo wa mama yake? Lakini hata majani mazuri yanadanganya.

Kwa hiyo, kabla ya kukata pingili, au kumpa jirani, chimbua shina hilo na ukate mihogo yake vipande. Ukiona madoa makavu ya kahawia ndani, pingili zake usipande. Ng'oa shina lote, lichome moto. Sehemu ya muhogo iliyobaki nyeupe itayarishe kama kawaida, mle.